Skuli ya Wasichana ya Mbweni: yanayosemwa na yaliyokuwa

Yanayosemwa: magofu ya Mbweni, Unguja, ni mabaki ya kasri la Sultani.

Makasri yaliyogeuka magofu yako upande wa pili wa mji, kaskazini: Mtoni, na Maruhubi lililojengwa na Sayyid Barghash mwanzoni mwa miaka ya 1880 na kuungua 1899. Kuta za Mbweni, kusini mwa mji, ni za skuli. Shamba lilinunuliwa 1871 na Askofu William Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, ambayo ilihamia Unguja 1864 baada ya kushindwa kukaa bonde la mto Shire, kusini mwa Ziwa Nyasa. Skuli ikapewa jina la St Mary's. Jirani yake kikapangwa kijiji cha watumwa walioachwa huru, kila kaya na kiwanja chake na kipande cha kulima, na baadaye likajengwa kanisa la St John's ambalo bado lipo.

Kosa lenyewe linaeleweka. Jengo ni la mawe ya matumbawe na chokaa, sawa na majumba ya wakubwa, na majengo ya namna hii hufa kwa njia moja. Paa likishavuja, maji hushuka ndani ya ukuta na kuilainisha chokaa. Boriti za mikoko huoza kwanza vichwani, pale zilipochomekwa ukutani, kwa hiyo dari huporomoka ikiwa katikati yake bado nzima. Kisha mtini huota juu ya ukuta na mizizi yake hupanua kila ufa. Baada ya hapo skuli na kasri hufanana.

Yanayosemwa: ilikuwa nyumba ya yatima tu.

Hili ndilo kosa kubwa zaidi. Ni kweli wanafunzi wa mwanzo walikuwa watoto waliokamatwa na manowari za Kiingereza kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao wakiwa wametoka bara, pande za Ziwa Nyasa na Ruvuma. Balozi wa Uingereza aliwagawa: wengine kwa mapadri Wafaransa wa Bagamoyo, na waliofika Misheni ya Vyuo Vikuu wakatenganishwa, wavulana skuli ya Kiungani, hapa hapa Unguja, na wasichana Mbweni. Lakini Mbweni haikuishia kuwalisha na kuwavika. Walisoma, wakaandika, wakafanya hesabu, wakashona. Waliofanya vizuri walifundishwa ualimu kwa kuanza kusomesha wadogo zao humo humo. Wasiopenda vitabu walikuwa na upande wao wa kazi za mikono: kufua, kupika, kusuka ukili. Mgawanyo huo haukuwa wa haki sana, maana mtoto aliyefika na miaka kumi bila kujua Kiswahili angeweza kuonekana hana akili kumbe hana lugha.

Lugha ya kufundishia ilikuwa Kiswahili, si Kiingereza kama wengi wanavyodhani. Edward Steere, aliyemfuata Tozer katika uaskofu, alikuwa ameshatoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili 1870, na misheni ilikuwa na mtambo wake wa kuchapia vitabu hapa hapa Unguja.

Wahitimu wengi waliolewa na walimu wa Kiungani, wakaondoka nao kwenda Magila, Masasi na Nyasa. Cecil Majaliwa, aliyepewa upadri 1890, alikuwa na mke aliyetoka Mbweni, Lucy. Hapo ndipo ilipo sababu ya Unguja kuisahau skuli hii: wanafunzi wake hawakuzaliwa hapa, na matunda yake yaliliwa bara.

Yanayosemwa: mkataba wa 1873 ulimaliza utumwa, kwa hiyo wasichana hao walikuwa wa kabla ya hapo.

Mkataba wa Juni 1873, kati ya Sultani na Waingereza, ulifunga masoko na kukataza kusafirisha watumwa baharini. Kumiliki watumwa kuliendelea kuwa halali Unguja na Pemba hadi amri ya Aprili 1897. Magendo nayo yaliendelea, ndiyo maana manowari ya Kiingereza iliyoitwa London iliwekwa bandarini kuanzia 1874 hadi 1883, na boti zake zikawa zinavizia majahazi. Kwa hiyo Mbweni ilipokea watoto wapya miaka mingi baada ya soko la Mkunazini kufungwa, na msichana aliye huru ndani ya skuli angeweza kuwa na jirani mtumwa katika shamba la karafuu au la minazi.

Yanayosemwa: Bi Caroline Thackeray ndiye mwanzilishi.

Alifika 1877, skuli ikiwa tayari ipo. Alichofanya ni kukaa: aliiongoza kwa takriban robo karne, akafia Mbweni 1926 na kuzikwa hapo hapo.

Yanayosemwa: kabla ya wamishionari, wasichana wa Unguja hawakujua kusoma.

Waliosoma chuoni, yaani madrasa, walijua kusoma Kurani, wasichana wakiwamo. Walichonyimwa wengi wao ni kuandika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa 1844, alieleza mwenyewe jinsi alivyojifunza kuandika kwa siri, kwa kuiga herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Kusoma na kuandika zilikuwa elimu mbili tofauti, na anayezihesabu kuwa moja ataikosea historia nzima.

Yanayosemwa: elimu ya wasichana ilianza na Mapinduzi.

Skuli ya kwanza ya Serikali kwa wasichana ilifunguliwa mjini 1927, ikiwa nyuma ya zile za wavulana kwa takriban miaka 20. Wazee Waislamu hawakuwa tayari kumpeleka binti kwa mwalimu mwanamume wala kwenye skuli ya kanisa, hivyo walimu wanawake Waislamu ilibidi watafutwe na kutayarishwa upya, ilhali wa Mbweni walishatawanyika bara. Uhaba huo wa walimu ulichelewesha skuli za wasichana mashamba, yaani nje ya mji, na Pemba kuliko ukaidi wa wazee unaolaumiwa kila siku. Kilichokuja na Serikali ya Mapinduzi, tarehe 23 Septemba 1964, ni tangazo la elimu bila malipo kwa wote, wa kike na wa kiume.