Je, wajua kwa nini mitihani ya hesabu haichoki na pembetatu mbili zilezile?

Pembetatu mraba, yaani zile zenye pembe moja ya nyuzi 90, hazina idadi. Hata hivyo, watunzi wa mitihani kama SAT na ACT, ya kuingia vyuo vya Marekani, hurudi kila mara kwa mbili tu: ya nyuzi 45-45-90 na ya 30-60-90. Kwa nini?

Kwa sababu kila moja ni nusu ya umbo lililo sawa pande zote. Kata mraba kwa ulalo wake, yaani mstari wa kona hadi kona ya pili, unapata 45-45-90. Kata pembetatu yenye pande tatu sawa kutoka kileleni hadi katikati ya kitako, unapata 30-60-90. Ndiyo maana ukijua urefu wa upande mmoja unazipata pande nyingine mbili bila kikokotoo. Na ndiyo maana, kwa maoni yangu, kuzikariri ni kujisumbua: chora tu.

Anza na mraba wenye upande 1. Kwa kanuni ya Pythagoras, 1² + 1² = 2, basi ulalo ni √2. Wababeli walilijua hili zamani sana. Kibao cha udongo kiitwacho YBC 7289, kilichoko Chuo Kikuu cha Yale na kinachokadiriwa kuwa cha kati ya 1800 na 1600 KK, kina mchoro wa mraba na ulalo wake. Kwenye ulalo pana thamani ya √2 ambayo tarakimu zake tano za kwanza baada ya nukta ni zilezile za kikokotoo chako: 1.41421.

Sasa pembetatu ya pande tatu sawa, kila upande 2. Ukiigawa, kitako kinakuwa 1, na kimo ni √(4 − 1), yaani √3. Uwiano ni 1 : √3 : 2. Hapa ndipo alama nyingi hupotea, maana mtu akiona alama ya kipeuo hudhani ndiyo namba kubwa, akaiweka kwenye upande mrefu. Lakini √3 ni kama 1.73 hivi, haifiki 2. Upande mrefu kuliko yote ni ule unaotazamana na nyuzi 90, na huo ndio wenye 2.

SAT huwapa watahiniwa michoro ya pembetatu hizi katika sehemu ya hesabu; ACT haiwapi. Kwa vyovyote, kinachopimwa ni kuzitambua zikiwa zimejificha. Mfano: tafuta eneo la pembetatu yenye pande tatu sawa, kila mmoja 8. Swali halitaji 30 wala 60. Shusha mstari wa kimo: nusu ya kitako ni 4, kimo ni 4√3, eneo ni ½ × 8 × 4√3 = 16√3.

Ukipewa upande mrefu wa 45-45-90, tuseme 10, ukatafuta upande mfupi, unagawanya kwa √2, huzidishi. Jibu ni 5√2.

Wapo pia wanaoichanganya 30-60-90 na pembetatu maarufu ya pande 3, 4 na 5. Hiyo pembe zake ndogo ni takriban nyuzi 36.87 na 53.13. Tena hakuna pembetatu mraba hata moja ambayo pande zake zote ni namba kamili na pembe zake zote ni nyuzi kamili.