Mmea, sayari na karata: maana ya milinganisho katika Kabala na taroti

Pale Ngamiani, mjini Tanga, mtu akienda kwa mwalimu wa falaki kutazamiwa, ataulizwa jina lake na jina la mama yake. Herufi za majina hayo hugeuzwa kuwa tarakimu kwa hesabu ya abjadi, jumla ikagawanywa kwa kumi na mbili, na kinachobaki humwonyesha nyota yake: Hamali, Thauri, Jauza, na kuendelea. Nyota ikishajulikana, mengine hufuata: tabia yake ni ya moto au ya maji, sayari yake ni ipi, siku yake njema ni ipi, afukize ubani au udi. Masheikh wengi wanaikataza kazi hiyo, na sibishani nao. Naitaja kwa sababu msomaji wa Tanga ana njia fupi ya kuelewa kitu ambacho kwa wageni huelezwa kwa maneno mengi.

Kitu hicho ni mlinganisho. Mlinganisho ni kuviweka katika fungu moja vitu ambavyo kwa macho havihusiani, kama herufi, sayari, rangi, mmea na sehemu ya mwili, kwa imani kwamba vyote vinabeba sifa moja. Huko Ulaya wamefika mbali zaidi: wameichukua mimea inayobadilisha fahamu, kama bangi, afyuni na mnanaha (datura), wakaipangia nafasi katika Kabala na katika karata za taroti.

Kabala ni elimu ya siri ya Wayahudi. Kitabu chake kikuu, Zohari, kilianza kuonekana Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Inafundisha kwamba Mungu hudhihirika kwa sifa kumi ziitwazo sefiroti (moja ni sefira), na sifa hizo huchorwa kama mti: juu kabisa Keteri, yaani taji; kisha Hokma, hekima; Bina, ufahamu; Hesedi, rehema; Gevura, ukali; Tifereti katikati, uzuri; na hivyo mpaka Malkuti chini, ufalme. Sefiroti zimeungwa kwa njia 22, idadi ileile ya herufi za Kiebrania. Kitabu cha kale zaidi, Sefer Yetzira, kinazigawa herufi hizo mafungu matatu: tatu za hewa, maji na moto, saba za sayari, na kumi na mbili za buruji, yaani zile nyota za falaki. Aliyezoea falaki hapo hatashangaa hata kidogo.

Taroti haikuwa ya Wayahudi. Ni karata 78 zilizozaliwa kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na kazi yake ilikuwa mchezo tu. Kati yake 22 zina picha za pekee: Mpumbavu, Mfanya Mazingaombwe, Malkia Mkuu, Kifo, Jua. Mwaka 1781 Mfaransa Antoine Court de Gébelin alidai kwamba picha hizo ni hekima iliyofichwa ya Misri ya kale, wakati ambapo hakuna mtu duniani aliyeweza kusoma maandishi ya Wamisri hao. Katika miaka ya 1850 Mfaransa mwingine, Éliphas Lévi, akafunga ndoa ya karata 22 na herufi 22. Kisha mwaka 1888 kikaanzishwa London chama cha siri cha Golden Dawn, kikaupanga mfumo mzima kwa majedwali. Kwa hiyo anayeambiwa kwamba Musa au makuhani wa Misri waliitumia taroti ajue kwamba ndoa hiyo ni ya juzi, na wazee wa Kabala hawakualikwa.

Mimea iliingiaje? Kwa mlango wa sayari. Kitabu cha Kiarabu Ghayat al-Hakim, chenye mafusho na mimea ya kila sayari, kilitafsiriwa Hispania katika miaka ya 1250 kwa amri ya Mfalme Alfonso wa Kumi. Wanazuoni wa Ulaya wakakitumia, akiwemo Cornelius Agrippa katika karne ya 16, na orodha zao zikawafikia watu wa London. Hili ndilo linalonigusa kuliko yote: mwalimu wa falaki wa mwambao wetu na wale mabwana wa London wanakunywa katika kisima kimoja, na maji yake mengi yalipitia Kiarabu.

Jedwali mashuhuri zaidi ni la Mwingereza Aleister Crowley, lililochapwa mwaka 1909 kwa jina la 777. Lina safu ya dawa za mimea peke yake, zilizopangwa kwa sefira na sayari yake, au kwa njia na karata yake. Afyuni iko Hesedi, kwa Mushtari, sayari ya neema, maana afyuni hutuliza. Nux vomica, mbegu yenye strikinini inayokaza misuli mpaka mtu akakakamaa, iko Gevura kwa Mirihi. Kahawa na dijitali, dawa ya moyo, ziko Tifereti, penye Jua na moyo wa mti. Peyote, dungusi ya Meksiko inayoleta maono ya rangi, iko katika sefira ya Hodi, kwa Utaridi. Njia ya herufi Daleti, yenye karata ya Malkia Mkuu na sayari ya Zuhura, imepewa dawa zote za kuamsha matamanio. Mantiki inaonekana wazi.

Lakini tazama hapa. Beladona, mmea wa sumu wa Ulaya, imewekwa Bina, kwa Zuhali, sayari ya uzito na mauti. Mnanaha uko Tifereti, kwa Jua. Mimea hiyo miwili ni ya jamaa moja, na sumu zake, atropini na skopolamini, ni zilezile. Bangi nayo ipo mara mbili, hashishi kwa Hokma na bangi ya Kihindi kwa sefira nyingine, Netza. Hata herufi zenyewe hazijatulia: Lévi alianza kuhesabu kwa Mfanya Mazingaombwe, Golden Dawn wakaanza kwa Mpumbavu, na hapo karata nyingi zikahama herufi, zikahama na sayari. Ukisikia mtu anasema mmea fulani "ni wa" karata fulani, muulize kwanza: kwa jedwali la nani?

Mlinganisho ni lugha ya ishara, umetungwa ili mtu awe na kitu cha kutafakari. Hauelezi mmea utafanya nini mwilini. Nalisema kwa uzito kwa sababu mnanaha unaota wenyewe kando ya njia na majalalani. Anayeula hukauka kinywa, mboni humpanuka, moyo humwenda mbio, joto hupanda, na akaona na kuzungumza na watu wasiokuwepo, wengine hufa. Nafasi yake nzuri penye Jua haipunguzi tone la sumu hiyo. Bangi na mirungi zimekatazwa na sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015, na mahakama haiulizi sefira.

Njia nzuri ya kuielewa elimu hii ni kulipanga jambo mwenyewe, kwa kalamu na karatasi tu. Chukua mirungi. Mmoja atasema ni ya Mirihi, hivyo Gevura: inafukuza usingizi, inapandisha mapigo ya moyo, inamtia mtu ukali. Mwingine atasema ni ya Utaridi, maana mlaji wake huongea bila kikomo na mawazo humjia kwa kasi. Wote wana hoja. Mimi ningekwenda na wa pili, kwa sababu jedwali la 1909 limeiweka njia ya herufi Beti, yenye Utaridi na Mfanya Mazingaombwe, kuwa ya vichangamsha ubongo, na anayemjua Utaridi kwa falaki atakuambia kwamba ndiye mwenye maneno, hesabu na biashara.