Kampuni haisaini, kuna mtu alisaini

Kila ishu ya mikopo kausha damu, ile ya riba kubwa, ikilipuka hapa Dodoma lawama zinaenda sehemu moja, "ile kampuni ni majambazi", "kampuni imetumaliza". Mimi kazi yangu ni ukaguzi wa hesabu na mafaili ya makampuni ndo yamenilisha miaka yote hii, sasa niwaambie kitu, hakuna mtu anayefurahia kauli hiyo kama mabosi wenyewe. Kampuni ikishatukanwa, binadamu aliyefanya uamuzi anaenda zake kula nyama choma, hana habari.

Hii kinga ina historia. Kulikuwa na mfanyabiashara wa viatu vya ngozi London anaitwa Aron Salomon, akaigeuza biashara yake kuwa kampuni, hisa 20,007, yeye akashika 20,001 na familia yake wakashika hizo sita zilizobaki, moja moja. Kampuni ikafilisika, wadai wakasema jamani hii kampuni si ni huyuhuyu Salomon, alipe. Kesi ikapanda hadi House of Lords, ambayo enzi hizo ndo ilikuwa ngazi ya mwisho ya rufaa, na mwaka 1896 wakasema hapana, Salomon ni mtu mwingine na kampuni ni mtu mwingine, kila mmoja na madeni yake. Sheria yetu ya Makampuni ya 2002 imesimama juu ya msingi huohuo. Ukisajili leo BRELA, yaani wakala wa usajili wa makampuni, kampuni yako inaweza kumiliki kiwanja Ihumwa, kushtaki na kushtakiwa kwa jina lake, na ikianguka wewe mwanahisa unapoteza ulichoweka tu, nyumba yako haiguswi, labda kama ulisaini udhamini au mahakama imegundua utapeli.

Siupingi huo msingi, nieleweke vizuri. Bila huo hakuna mtu mwenye akili angeweka milioni zake kwenye kiwanda cha kukamua alizeti ambacho hakisimamii yeye. Ila ulitungwa kuzuia hasara ya pesa isimfuate mwanahisa hadi nyumbani, haukutungwa ili mtu afanye unyama saa tatu asubuhi halafu saa kumi jioni aseme ni sera ya kampuni.

Chukua taasisi moja ya mikopo ambayo mahesabu yake yalipita mezani kwangu, jina halina kazi hapa. Mama anauza mboga, amekopa, amechelewa marejesho, wamekuja wamebeba tivii na godoro. Muulize ofisa mikopo, kijana mdogo tu, atakwambia mshahara wangu ni wa kuganga njaa, ninachoishi nacho ni kamisheni, na kamisheni inatoka kwenye kiasi nilichokopesha na nilichokusanya. Meneja wa tawi anasema tageti zinatoka makao makuu. Makao makuu wanasema bodi inataka ukuaji. Bodi wanaletewa ripoti, asilimia ya mikopo iliyochelewa imeshuka, safi, tunapongeza, kikao kinaendelea na ajenda inayofuata. Wanahisa wanasubiri gawio. Na ukiwasikiliza wote hao hakuna hata mmoja aliyekudanganya! Kila mtu kasema ukweli wake, godoro limeondoka, na mwenye kosa hayupo.

Ndo maana mimi nikitaka kujua tamaa ya kampuni imekaa wapi sisomi yale maneno ya dira na maadili yaliyobandikwa mapokezi. Naomba jedwali la kamisheni na bonasi, halafu naomba mihutasari ya vikao. Jedwali linakuonyesha watu wanalipwa kwa kufanya nini, na mihutasari inakuonyesha nani alipitisha walipwe hivyo. Kama ofisa analipwa kwa kukopesha na halipwi chochote kwa kumkatalia mteja ambaye tayari ana mikopo mitatu kwingine, basi huyo mteja atakopeshwa wa nne, na wala huhitaji mtu mwenye roho mbaya, mtu wa kawaida mwenye kodi ya chumba Chang'ombe anatosha kabisa.

Sio sisi tu. Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani, iliwapa wafanyakazi tageti ya kumuuzia kila mteja huduma nane. Nane! Wafanyakazi wakaanza kufungua akaunti kwa majina ya wateja bila wateja kujua, mamilioni ya akaunti. Ilipolipuka mwaka 2016 benki ikapigwa faini ya dola milioni 185, na ikajulikana kwamba wafanyakazi kama 5,300 walishafukuzwa kwa miaka kadhaa, wengi wa ngazi ya chini. Sasa jiulize, ukifukuza watu elfu tano kwa kosa lilelile bado unaamini tatizo ni tabia zao? Bosi mkuu, John Stumpf, akajiuzulu, na mwaka 2020 ndo mdhibiti wa mabenki akamfuata yeye binafsi, akalipa dola milioni 17.5 na kufungiwa maisha asifanye kazi ya benki. Faini ya kampuni wanailipa wanahisa, lakini hii ilitoka mfukoni kwake, na nawahakikishia wakurugenzi wengine waliisoma hiyo habari mara mbili.

Hapa kwetu Benki Kuu mwezi Novemba 2024 ilitangaza programu 69 za mikopo ya mtandaoni zinazofanya kazi bila leseni. Hatua nzuri, naipongeza, maana zipo programu ambazo zinachota namba zote kwenye simu yako, ukichelewa siku mbili mjomba wako, bosi wako na mchungaji wako wote wanatumiwa meseji kwamba wewe ni tapeli. Ila ukifungia jina la programu mtu aliyeamua kwamba aibu ndo itakuwa dhamana ya mkopo anabaki huru, na kusajili jina lingine sio kazi ngumu.

Na watu wa Dodoma tuna mfano wetu mkubwa kabisa, Kongwa. Wengi wanaijua kwa ranchi na mahindi ya Kibaigwa, lakini pale ndo ulianzia ule mradi wa karanga wa Waingereza. Wazo lilitoka mwaka 1946 kwa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, na mwanzoni kampuni hiyohiyo ndo iliendesha kazi kwa niaba ya serikali ya Uingereza, kisha mwaka 1948 likaingia shirika la umma. Udongo wa Kongwa ukikauka unakuwa kama saruji, mvua zinakuja zikitaka, jambo ambalo Mgogo yeyote mwenye ng'ombe wake pale angewaeleza bure. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zimeyeyuka, na bili ikaenda kwa walipa kodi wa Uingereza. Waziri wa Chakula aliyeupigia debe, John Strachey, alikuwa ameshahamishiwa wizara ya vita mwaka 1950. Yaani alibaki waziri.

Sasa najua kuna mtu atasema sisi wadogo tutafanya nini. Sikiliza, mtumishi uliyeko Mtumba, makato yako yanaenda PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, na PSSSF inawekeza kwenye makampuni. Kuna wenye hisa zao kidogo DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, kuna wenye SACCOS. Sisi ndo hao "wanahisa" wanaotajwa kama sababu. Kwenye mkutano mkuu wa SACCOS watu wanauliza gawio ni asilimia ngapi na chakula kinatoka saa ngapi, basi. Hebu mwaka huu simama uulize mambo matatu: ofisa mikopo wetu analipwaje, nani alipitisha utaratibu huo na kwenye kikao gani, na mwaka jana tumebeba mali za wanachama wangapi. Uliza na jibu liandikwe kwenye mihutasari, kwa majina. Mwenyekiti atakwambia muda umekwisha, we mwambie tutachelewa kula.