Je, wajua kwa nini ukimya wa tajiri, yaani mwenye biashara, huiangusha biashara kabla ya hasara yenyewe?

Mombasa imeonja dhiki nyingi kwa miaka michache. Agosti 2019 lilitoka agizo kwamba mizigo ya kutoka ng'ambo inayoshushwa bandari ya Kilindini na kuelekea Nairobi na bara isafirishwe kwa reli ya SGR. Malori yakalala, mabohari ya makasha yakakosa kazi, watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Agizo lilisitishwa baadaye, na Septemba 2022 serikali mpya ikatangaza kurudisha Mombasa huduma za kutoa mizigo bandarini, lakini hapo katikati ilikuwa imepita korona. Mwezi Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Aprili 8 kaunti nzima ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, mpaka Julai. Mwezi Mei Mji wa Kale nao ukafungiwa peke yake.

Mapigo hayo hayakuwaacha wote mahali pamoja. Unaweza kuwa na biashara mbili za mtaa mmoja, zinazouza bidhaa zile zile na zenye madeni yanayokaribiana, moja ikavuka na nyingine ikafunga. Bahati ina sehemu yake, mtaji pia. Lakini kuna jambo lililo mikononi mwa kiongozi mwenyewe, na ndilo naliona kubwa kuliko yote: ni mapema kiasi gani aliwawekea hesabu za kweli watu wanaomtegemea.

Mbona basi wengi hunyamaza? Mwaka 1981 wataalamu watatu wa Marekani, Barry Staw, Lance Sandelands na Jane Dutton, walipitia tafiti kuhusu watu, vikundi na mashirika yaliyo hatarini. Walichoeleza ni kwamba tishio humfanya mtu kukakamaa. Anasikiliza habari chache kuliko kawaida, maamuzi yote anayavuta kwake, anang'ang'ania njia alizozoea. Tishio likiwa la siku zote, mazoea yanasaidia. Hoteli za Nyali na Bamburi zinajua kwamba mvua za masika zikianza wageni hupungua. Ndio wakati wa kupaka rangi, kutengeneza makuti na kuwapa watu likizo. Tishio likiwa geni, mazoea yale yale yanazamisha. Hoteli iliyoichukulia Aprili ya 2020 kama masika mengine tu ilikuwa inangoja wageni wasiokuja.

Na hapa kwetu kuna jambo jingine zito zaidi ya hofu, nalo ni jina. Mtu anayesalimiwa kwa heshima msikitini, harusini na sokoni Marikiti huona haya kusema "mwezi huu sina." Anaanza kutopokea simu. Anapita mlango wa nyuma. Wazee walishasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kwenye biashara kifo hakimngoji mgonjwa azidiwe, uvumi humtangulia.

Kuna jaribio moja ambalo natamani kila mwenye biashara Mombasa alijue. Lilichapishwa mwaka 1990 na Jerald Greenberg, mtaalamu wa saikolojia ya kazi. Kampuni moja ya Marekani iliyotengeneza vipuri ilipoteza mikataba mikubwa, ikaamua kupunguza mishahara kwa asilimia 15 kwa muda wa wiki 10, katika viwanda vyake viwili. Kiwanda cha tatu hakikuguswa, kikawa cha kulinganishia.

Kiwanda cha kwanza, mkuu wa kampuni alikaa na wafanyakazi kama saa moja na nusu. Akawaonyesha kwa michoro jinsi fedha zinavyoingia na kutoka. Akawaeleza kwamba wamechagua kupunguza mishahara ili asifukuzwe mtu, kwamba hatua hiyo ina mwisho, na kwamba inamuuma. Maswali yote yakajibiwa. Kiwanda cha pili mkutano ulichukua kama dakika 15. Waliambiwa mishahara inapungua kwa sababu mikataba imepotea, basi.

Kisha Greenberg akapima wizi wa vifaa na mali ya kampuni. Kiwanda kilichoelezwa vizuri wizi uliongezeka kidogo. Kile cha dakika 15 uliongezeka sana, na watu wengi zaidi waliacha kazi. Mishahara iliporudishwa, wizi ukashuka. Fikiria jambo hilo kwa utulivu: makato yalikuwa sawasawa, umaskini uleule uliingia katika nyumba za pande zote mbili. Tofauti ilikuwa muda mfupi wa kuheshimiwa. Wafanyakazi wa kiwanda cha pili walijilipa wenyewe kile walichoona wamedhulumiwa.

Nikikumbuka jinsi watu wa mahoteli walivyopelekwa likizo bila malipo mwaka 2020, wengine kwa ujumbe wa simu wa mistari miwili, najua kwamba tajiri hakuwa na mshahara wa kuwalipa. Hilo halina lawama. Lakini kukaa na mpishi na mfua nguo, kuwafungulia daftari na kusema "jamani, vyumba vilivyolala watu ni hivi, umeme ni huu, mkopo wa benki ni huu, na kilichobaki ni hiki," ni jambo lisilogharimu shilingi.

Ukimya unaumiza upande wa pili vilevile, kwa wanaokuletea mali. Sehemu kubwa ya biashara ya rejareja Mombasa huendeshwa kwa mali kauli: unachukua bidhaa leo, unalipa ukishauza. Mtaji hasa ni imani ya mletaji. Na biashara haifi siku ilipopata hasara. Inakufa siku ilipokosa fedha za kulipa deni lililoiva. Duka linaweza kupata hasara mwaka mzima na likaendelea, ikiwa wanaolidai wamekubali kungoja. Linaweza pia kuwa na faida kwenye karatasi na likafungwa wiki ijayo kwa sababu kila mletaji anataka pesa mkononi kabla ya kushusha mzigo.

Wakenya waliliona hilo kwa macho yao Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa, ilipoanguka. Mwaka 2017 rafu zilianza kuwa tupu kwa sababu walioleta bidhaa walikuwa hawajalipwa na wakaacha kuleta. Rafu tupu zikafukuza wateja, wateja walipokwenda pesa ya kulipa madeni ikatoweka, na rafu zikazidi kuwa tupu. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifungwe kabisa. Mzunguko huo ukishaanza ni mgumu kuuvunja. Ndiyo maana mazungumzo na wadai yanafaa kufanywa wakati rafu bado zimejaa.

Najua pingamizi: ukikiri una shida, wote watakuvamia siku moja. Hatari hiyo ni ya kweli ukienda mikono mitupu. Anayekwenda kwa mletaji wake na sehemu ya deni, tarehe za malipo yaliyobaki na orodha ya mauzo ya wiki zilizopita haombi huruma. Anampa mwenzake kitu cha kupimia. Na ni lazima tarehe ya kwanza aitimize hata kama ni kwa kiasi kidogo, maana ya pili itaaminiwa kwa hiyo ya kwanza.

Kuhusu kupunguza matumizi nitasema machache. Mwaka 2010 Ranjay Gulati na Nitin Nohria wa Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na mtafiti mwenzao Franz Wohlgezogen, walichapisha uchunguzi wa kampuni 4,700 zilizopitia misukosuko mitatu ya uchumi. Asilimia 17 hazikuvuka. Zilizokata gharama haraka na kwa kina kuliko wenzao hazikuwa mbele baadaye. Zilikuwa na uwezekano mdogo kuliko zote wa kuwapita washindani. Zilizofanya vizuri zilibana upotevu kazini na papo hapo zikaendelea kutumia fedha kwa wateja na bidhaa mpya.

Kiongozi naye aonekane anabeba mzigo. Shirika la ndege la Japan Airlines lilipofilisika Januari 2010, Kazuo Inamori alipewa kuliongoza akiwa na umri wa miaka 78, na hakuchukua mshahara. Aliigawa kazi katika vikundi vidogo, kila kikundi kikaona hesabu zake chenyewe, wahudumu na mafundi wakajua safari inaingiza kiasi gani. Septemba 2012 hisa za shirika hilo zilirudi sokoni. Haikuwa miujiza: serikali iliweka fedha nyingi, na takriban theluthi moja ya wafanyakazi walipoteza kazi.

Hao nao ni sehemu ya habari hii, kwa sababu ukweli wa mapema hauokoi kila biashara. Mwenye malori mawili yaliyonunuliwa kwa mkopo, akitegemea njia moja ya Nairobi, huenda asingepona mwaka 2019 hata angekuwa muwazi kiasi gani. Kwake faida ya kusema mapema ni ya namna nyingine. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi isiyopungua mwezi mmoja kwa mfanyakazi na kwa afisa wa kazi, na amlipe mtu angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Turniboi, yaani msaidizi wa dereva wa lori, aliyefanya kazi miaka sita anastahili mshahara wa siku 90, kama miezi mitatu. Fedha hizo hupatikana ikiwa uamuzi umefanywa lori moja likiwa bado linaweza kuuzwa kwa bei nzuri. Likishachukuliwa na benki, haki ya turniboi imekwenda nalo.