Je, wajua? Kwa nini "quite good" ya Mwingereza si sifa kubwa

Mwajiri wa London akiandika kwamba kazi yako ni "quite good", hajakumwagia sifa. Amesema inaridhisha, basi. Mwenzake wa Chicago akitumia maneno hayohayo, mara nyingi anamaanisha nzuri hasa. Hapo wengi hukwama, kwa sababu wamezoea kuichukua "quite" kuwa ni "sana" popote waikutapo.

Si "sana". Lakini pia wanakosea wanaodhani kazi yake ni kupunguza tu. "Quite dead" si kufa nusunusu, ni kufa fofofo. "Quite impossible" haiachi nafasi yoyote. "I quite agree" ni kukubali moja kwa moja, ilhali "I quite like it" ni kupenda kiasi, na yote mawili hutoka kinywani mwa mtu mmoja.

Kinachoamua ni neno linalofuata. Chukua pipa la maji. Ujazo wake una kikomo: likishajaa pomoni, huongezi tone. Joto la maji yake ni jambo la viwango: vuguvugu, moto, moto zaidi. Sifa zenye kikomo, kama "empty", "right" na "impossible", "quite" huzifikisha ukingoni, ndiyo maana ikawa "kabisa". Sifa za viwango, kama "good", "tall" na "interesting", hazina ukingo wa kufikia, basi kwa Mwingereza "quite" huishia njiani: "kiasi". Sifa zilizokwisha kupanda kileleni zenyewe, mfano "perfect" na "brilliant", huenda na kundi la kwanza. Mpaka huu hauko wazi kila mahali: "different" ina viwango, lakini "quite different" kwa kawaida ni tofauti kabisa.

Maana ya "kabisa" ndiyo kongwe. Neno lina asili ya Kifaransa cha kale, likihusu kuwa huru, kuondokewa na deni lote. Ile ya "kiasi" ilijitokeza karne ya 19.

Sauti nayo huhesabika. Mwingereza akikaza "quite" kisha akapandisha sauti mwishoni, subiri "lakini". Akikaza "good", sifa inapata uzito. Katika barua pepe mkazo huo hausikiki, kwa hiyo ukimwandikia mtu barua ya kumpendekeza kazini, "quite" iepuke: andika "very good" kama ni nzuri sana, "fairly good" kama ni ya wastani. Ukiwa na uhakika wote, "completely certain" haina utata London wala Chicago.

Misemo michache haifuati kanuni hii, ni ya kukariri tu: "not quite" ni bado kidogo, "quite a player" ni mchezaji wa kutajika, na "quite a few", ingawa "few" ni chache, ni nyingi.