Mpangaji wa duka si mpangaji wa bedsita

Jengo lenye maduka chini na vyumba vya kupangisha juu ni uwekezaji unaopendwa sana nchini Kenya. Wastaafu huujenga kwa pesa za uzeeni, na vyama vya akiba kwa mkopo. Hesabu ya saruji na riba hupigwa vizuri. Linalosahaulika ni kwamba chini ya paa hilo moja kuna wapangaji wa sheria mbili tofauti.

Duka ndilo lenye mitego. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya huwalinda wapangaji wa maduka, hoteli na mikahawa wasio na mkataba wa maandishi, au wenye mkataba usiozidi miaka 5. Maana yake ni kwamba yule uliyemwambia "wewe lipa tu kila tarehe tano, tunaaminiana" ana ulinzi mkubwa, pengine bila yeye mwenyewe kujua. Hutamhamisha kwa ujumbe wa simu. Anastahili notisi kwenye fomu iliyowekwa kisheria, yenye sababu, na isiyoanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 tangu aipokee. Hata kumpandishia kodi kunataka notisi hiyohiyo. Akifikisha shauri kwenye Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo wengi hulijua kama BPRT, kabla ya notisi kuanza kufanya kazi, notisi husitishwa hadi uamuzi utolewe. Benki, kwa upande wake, haisubiri uamuzi wa mtu.

Wawekezaji wengi hulikwepa hili kwa mkataba wa miaka 5 na miezi 3. Njia hiyo inafaa, lakini mikataba ya kunakili mitandaoni huiharibu. Ukitia kifungu kinachoruhusu kuuvunja mkataba ndani ya miaka 5 hata pasipo kosa la mtu, umejirudisha chini ya Sura ya 301. Tena upangaji wa zaidi ya miaka 2 unapaswa kusajiliwa na kulipiwa ushuru wa stempu. Na ukinunua jengo lenye wapangaji, umenunua pamoja na haki zao. Muuzaji akikwambia "hao watahama wenyewe", mwambie awahamishe kwanza.

Kwa vyumba vya kuishi, Sheria ya Udhibiti wa Kodi hugusa nyumba zenye kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiwango ambacho mijini kimebaki kama kumbukumbu. Migogoro mingine huishia mahakamani. Hapa wenye nyumba hujiponza kwa hasira: kufuli juu ya kufuli, kukata maji, kung'oa mlango, hata kuezua mabati. Deni la mpangaji huwa halijafutika, ila sasa yeye ndiye mlalamikaji. Ukitaka kukamata mali yake kwa ajili ya kodi, tumia dalali mwenye leseni. Keateka, yaani msimamizi wa jengo, na vijana wa mtaani hawana mamlaka hayo.

Ushuru ni jambo fupi. Tangu Januari 2024, mkaazi wa Kenya anayepata kodi ya kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za kuishi hulipa asilimia 7.5 ya kodi yote, kabla ya gharama, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ukarabati haupunguzwi humo.

Hatari kubwa kuliko zote, hata hivyo, iko ardhini. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya kampuni ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa kuhusu kiwanja cha Nyali, ilishikilia kwamba hatimiliki haitoshi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Kampuni ilikuwa imenunua kutoka kwa mmiliki aliyesajiliwa, na bado ilipoteza, kwa kuwa eneo lile lilikuwa la umma. Basi usiridhike na upekuzi wa siku moja kwenye sajili ya ardhi unaoonyesha jina la muuzaji. Dai barua ya kwanza ya ugawaji, ramani ya upimaji na mlolongo wa waliowahi kumiliki, kisha mpeleke mpimaji akaone kama kiwanja hakijakalia barabara, kingo za mto au uwanja wa shule.