Kunakili sera siyo kuwa na Group Policy ya ofisi nzima

Siku hizi ukiingia ofisi ya utalii Arusha yenye kompyuta nane, utaambiwa "hapa tuna Group Policy." Uliza seva iko wapi, unaonyeshwa flashi ya fundi.

Kwa kifupi, Group Policy ni njia ya Windows ya kuweka masharti, yaani sera, ambayo mtumiaji wa kawaida hawezi kuyabadilisha: skrini ijifunge yenyewe, flashi zikataliwe, nywila isiwe fupi. Ipo tangu Windows 2000. Kwenye Windows Pro unaifungua kwa gpedit.msc, Windows Home haina hiyo gpedit wala haiwezi kujiunga na domeni (kundi la kompyuta zinazosimamiwa na seva moja au zaidi), kwa hiyo andika winver uone ni toleo gani kabla hujalipia laptop.

Kinachochanganywa ni sera inakaa wapi. Sera ya ndani inakaa kwenye mashine yenyewe. Sera ya domeni inakaa kwenye seva ya Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia akaunti na kompyuta za domeni, na kompyuta ndizo zinazoifuata: zikiwashwa, mtu akiingia, kisha kila baada ya dakika 90, na nyongeza ya hadi dakika 30 ili zisiivamie seva kwa pamoja. Ukibadilisha sharti asubuhi, kufikia saa sita mchana limefika kwenye kila mashine iliyowashwa. La ndani na la domeni yakigongana, la domeni ndilo linashinda. Masharti ya usalama huwekwa upya kila saa 16 hata kama hayajaguswa. Umeme wa chumba cha seva ukikatika, yaliyokwisha kuchukuliwa yanabaki. Kinachokwamisha domeni mara nyingi ni DNS, huduma inayotafuta anwani ya kompyuta kwa jina lake: ruta inagawa DNS ya kampuni ya intaneti badala ya ile ya domeni, mtu anafungua barua pepe vizuri kabisa, lakini kompyuta haiioni seva na gpupdate, amri ya kuvuta sera upya, inagoma.

Workgroup, yaani kompyuta za mtandao mmoja zisizo na domeni, haifanyi lolote kati ya hayo. Kompyuta nane zenye jina moja la WORKGROUP zinaonana tu kwenye mtandao; kisera hazijuani.

Kunakili sera ya ndani si dhambi. Ofisi ya watu wanne pale Moshi haina sababu ya kununua leseni ya Windows Server. Shida ni namna inavyonakiliwa. Wengi hubeba folda iliyofichwa, C:\Windows\System32\GroupPolicy, wakadhani wamebeba kila kitu. Ndani yake kuna mafaili ya Registry.pol, yenye masharti kama kuzuia flashi na Control Panel. Urefu wa nywila, na akaunti kufungwa mtu akikosea mara kadhaa, haviko humo. Viko kwenye hifadhidata ya usalama ya Windows. Ndiyo maana flashi inakataliwa, bosi anaridhika, na dada wa mapokezi anabadilisha nywila yake kuwa 1234 bila kuzuiwa.

LGPO, programu ya bure ya Microsoft, hubeba vyote viwili. Tengeneza folda C:\nakala, fungua Command Prompt kama msimamizi, na kwenye mashine ya mfano andika LGPO.exe /b C:\nakala. Peleka folda hiyo kwenye mashine nyingine, andika LGPO.exe /g C:\nakala, kisha gpupdate /force, uwashe upya. Hakikisha kwa amri ya net accounts: urefu wa chini wa nywila ukisoma 0, haijaingia. Ikiingia pia, nywila fupi za zamani zitaendelea kukubaliwa mpaka wenyewe wazibadilishe, kwa hiyo walazimishe.

Kwa hiyo, fundi, kwenye ankara andika "sera za ndani, zimenakiliwa kwenye mashine 8", weka tarehe, na umwachie mteja ile folda. Hapo ataelewa kwamba laptop atakazoongeza kabla ya msimu wa Juni zitakuja tupu, na kwamba yeyote mwenye akaunti ya msimamizi anaweza kufuta sharti na likabaki limefutwa.